Somo la Sita: Ukurutu, Kinga ya Asili ya Mwili na Uamuzi wa Mlaji



Somo hili linahusu ugonjwa wa ngozi ambao vitabu vya tiba huuita ukurutu na ambao wengi wetu tunaufahamu kwa jina la pumu ya ngozi. Tumeuchagua kwa sababu ni miongoni mwa maradhi yanayomtoa mlaji fedha mara nyingi na kwa njia nyingi. Mtoto hujikuna usiku kucha, na mzazi hapati usingizi. Jirani hushauri sabuni ya dawa, duka la vipodozi hutoa krimu, mchuuzi wa stendi hutoa unga wa kusafisha damu, na kila mmoja huahidi kwamba ugonjwa utang'oka na mizizi yake. Baada ya mwaka mmoja nyumba imejaa makopo yaliyoachwa nusu, fedha ya ada imepungua, na ngozi ya mtoto ni mbaya kuliko ilivyokuwa mwanzo.

Tunaamini kwamba mlaji anayeelewa chanzo cha ugonjwa huu hadanganyiki kwa urahisi. Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia cha kununua na cha kuacha, tutaeleza yale ambayo sayansi imeyagundua kuhusu urithi, ngozi na kinga ya mwili.

Kusudi la somo

Baada ya kulisoma somo hili, utaweza:

(a) kueleza kwa nini ukurutu humpata mtoto mmoja na kumwacha mwingine katika nyumba ileile;
(b) kupima ahadi za wauzaji kwa kutumia maarifa hayo;
(c) kuitambua krimu ya hatari kabla ya kuilipia;
(d) kutumia mafuta na dawa kwa kiasi kinachofaa, na kujua wakati wa kwenda hospitali.

Ukurutu ni ugonjwa gani?

Ukurutu ni ugonjwa wa ngozi wa muda mrefu usioambukiza. Dalili yake kuu ni mwasho. Ngozi hukauka, huparuza, huota vipele vidogo, hutoa majimaji inapochanika, na ikikunwa kwa muda mrefu huwa nene na ngumu. Kwa watoto wachanga mara nyingi huanzia mashavuni na kichwani. Kwa watoto wakubwa hukaa katika mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni na kwenye viwiko vya mikono. Wagonjwa wengi huanza kuugua kabla ya kutimiza miaka 5, na wengi wao hupata nafuu kadiri wanavyokua.

Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya husema kwamba ngozi huwa nyekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Badala yake, sehemu yenye ugonjwa huwa ya kijivu, ya zambarau, au nyeusi zaidi kuliko sehemu zilizo jirani, na vipele vidogo huweza kujitokeza penye vinyweleo. Ugonjwa unapotulia huacha madoa meusi au meupe. Madoa hayo si ugonjwa mpya, na kwa kawaida hufifia yenyewe baada ya miezi kadhaa. Tunamwomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa maana ndio mlango ambao krimu za hatari hupitia.

Jina la pumu ya ngozi lina sababu yake: watu wenye ukurutu, au ndugu zao wa damu, mara nyingi huwa pia na pumu ya kifua au mafua ya mzio. Hata hivyo, ukurutu si pumu iliyohamia kwenye ngozi, wala kuitibu ngozi hakuufukuzii ugonjwa kifuani, kama wengine wanavyohofia.

Kwa nini mtoto huyu na si yule?

Watafiti wa Denmark waliwachunguza mapacha. Kwa mapacha wa kufanana, ambao vinasaba vyao ni vilevile, mmoja alipokuwa na ukurutu, mwenzake naye alikuwa nao kwa takriban mara 7 kati ya 10. Kwa mapacha wasiofanana, ambao vinasaba vyao hukaribiana kama vya ndugu wa kawaida, ilikuwa takriban mara 2 kati ya 10.

Matokeo hayo yanatufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba urithi una nguvu kubwa katika ugonjwa huu. La pili ni kwamba urithi hauamui kila kitu, kwani hata miongoni mwa mapacha wa kufanana wapo wanaosalimika. Mtu hurithi uelekeo wa kuugua, na mazingira, kama vile hewa kavu, sabuni kali, jasho, vumbi na vijidudu, huchangia kuamua kama uelekeo huo utageuka ugonjwa.

Kutokana na hayo tunaweza kusema bila kusita kwamba ukurutu hausababishwi na uchafu, wala kurogwa, wala "damu chafu". Mama hana kosa kwa chakula alichokula wakati wa ujauzito. Lawama za namna hii zimewaumiza wazazi wengi, na zimewafanya wanunue vitu ambavyo hawakuvihitaji.

Ukuta wa ngozi

Kinasaba, au jeni, ni agizo lililoandikwa ndani ya seli za mwili, linaloeleza jinsi ya kutengeneza protini fulani. Watu wote tuna maagizo yanayokaribiana sana, lakini hapa na pale tunatofautiana kwa herufi moja au chache. Tofauti nyingi hazina madhara yoyote. Baadhi huifanya protini itengenezwe pungufu, au isitengenezwe kabisa.

Mwaka 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, wakiongozwa na Irwin McLean, walionyesha kwamba hitilafu katika jeni ya protini iitwayo filagrini huongeza sana uwezekano wa kupata ukurutu. Filagrini huzikaza seli za tabaka la juu la ngozi zishikane, na inapomeng'enywa hugeuka viini vinavyoshika unyevu. Ikipungua, ngozi huwa kama ukuta wa matofali uliokosa saruji: maji hutoka, na vijidudu na vumbi huingia. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, takriban mtu 1 kati ya 10 hubeba nakala yenye hitilafu ya jeni hii. Hata hivyo, wengi wa watu hao hawaugui ukurutu maishani mwao. Jeni peke yake haitoshi.

Walinzi wa ukuta: kinga ya asili

Mwili una kinga za namna mbili. Ipo kinga inayojifunza, ile inayoandaliwa na chanjo na kukumbuka adui iliyemwona zamani. Nayo ipo kinga ya asili, ambayo mtu huzaliwa nayo na ambayo humpiga adui kwa mara ya kwanza bila kusubiri kumzoea. Ngozi ni sehemu ya kinga hiyo ya asili, na ndani yake wamo walinzi wa aina nyingi. Kwa somo letu wawili wanatosha.

Mlinzi wa kwanza ni vipokezi vinavyotambua alama za vijidudu. Vinavyojulikana zaidi huitwa vipokezi vya jamii ya Toll. Jules Hoffmann aligundua umuhimu wa jeni ya Toll katika kinga ya inzi wa matunda, na Bruce Beutler akagundua kipokezi cha namna hiyo kwa panya. Kwa kazi hiyo wote wawili walishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2011. Mojawapo ya vipokezi hivyo, chenye namba 2, hutambua bakteria aitwaye stafilokokasi, ambaye ni adui mkubwa wa ngozi yenye ukurutu. Mwaka 2004, watafiti wa Ujerumani waliripoti kwamba tofauti moja ya jeni ya kipokezi hicho ilionekana kwa baadhi ya wagonjwa, na kwamba wagonjwa hao walikuwa na ukurutu mkali zaidi. Tafiti nyingine zilizofuata hazikupata matokeo yaleyale. Tunalitaja jambo hili ili mlaji aone kwamba utafiti mmoja hautoshi kujengea dawa, sembuse tangazo.

Mlinzi wa pili ni protini ndogo zinazoua vijidudu moja kwa moja, zikiwamo defensini na kathelisidini. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kwamba ngozi yenye ukurutu huwa na protini hizi kidogo kuliko ngozi yenye soriasisi, ambao nao ni ugonjwa wa kuvimba kwa ngozi. Hii husaidia kueleza kwa nini wagonjwa wa soriasisi hupata maambukizi ya ngozi kwa nadra, ilhali sehemu zenye ukurutu hukutwa na stafilokokasi kwa takriban wagonjwa 7 kati ya 10.

Si upungufu wa kinga, ni mizani iliyoyumba

Tumefika mahali muhimu kuliko pote katika somo hili. Msomaji anaweza kudhani kwamba, kwa kuwa walinzi hawa ni wachache, mgonjwa wa ukurutu ana kinga dhaifu inayohitaji kuongezwa. Sivyo. Wakati walinzi wa juu wamepungua, sehemu nyingine ya kinga hufanya kazi kupita kiasi. Hutoa vijumbe viitwavyo interlukini, hasa namba 4 na namba 13, ambavyo huamsha mwasho na uvimbe. Vijumbe hivyo hivyo huiamuru ngozi ipunguze filagrini na defensini. Hivyo ukuta hubomoka zaidi, vijidudu huingia zaidi, kinga hukasirika zaidi, mtoto hujikuna zaidi, na mzunguko hurudi mwanzo.

Ushahidi wake uko katika dawa zenyewe. Sindano iitwayo dupilumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa watu wazima wenye ukurutu wa wastani au mkali, haiongezi kinga. Huzuia ujumbe wa interlukini hizo mbili usifike. Krimu za steroidi anazoandika daktari nazo hutuliza kinga. Kwa hiyo, bidhaa inayouzwa kwa ahadi ya kutibu ukurutu kwa "kuongeza kinga" imejengwa juu ya msingi usio sahihi.

Jeni za Waafrika zinasemaje?

Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, uliojumuisha taarifa za watu zaidi ya milioni 1, ulitaja maeneo 91 ya vinasaba yanayohusiana na ukurutu, na mengi kati yake yanahusu kazi za kinga. Kila eneo huchangia kidogo. Hakuna jeni moja ya ukurutu.

Sehemu kubwa ya watu waliochunguzwa walikuwa na asili ya Ulaya. Watafiti walipowachunguza wagonjwa wa Ethiopia, na wengine wakawachunguza wagonjwa Waxhosa wa Afrika Kusini, hawakuzikuta zile hitilafu za filagrini zilizozoeleka Ulaya. Hata hivyo, ngozi za wagonjwa Waxhosa zilikuwa na upungufu wa mazao ya filagrini. Jeni ilikuwa nzima, lakini protini ilikuwa pungufu. Jambo hili linaafikiana na yale tuliyoyaeleza, kwamba kinga iliyochafuka inaweza kuipunguza filagrini hata pale agizo lake lisipokuwa na kosa.

Kwa mlaji, maana yake ni hii: kipimo cha vinasaba kilichotengenezwa kwa kutazama hitilafu za Ulaya kinaweza kumwambia mtoto wa Tanga au Kisumu kwamba yu salama, ilhali anajikuna usiku kucha.

Ahadi nne na majibu yake

Sasa tuyatumie maarifa haya dukani.

Ahadi ya kwanza: "Inatibu kabisa, hairudi tena." Hakuna krimu, unga wala kidonge kinachobadilisha vinasaba ambavyo mtu alizaliwa navyo. Ukurutu hutulizwa na hudhibitiwa, na wengi huachana nao wakikua. Anayeahidi tiba ya moja kwa moja anauza asichonacho.

Ahadi ya pili: "Inaongeza kinga" au "inasafisha damu." Tumekwisha kueleza kwamba tatizo si uchache wa kinga, na damu haina uchafu unaosababisha ukurutu.

Ahadi ya tatu: "Kipimo chetu kitakueleza chanzo." Ukurutu hutambuliwa kwa macho ya mtaalamu na kwa historia ya mgonjwa na ukoo wake. Kipimo cha vinasaba hakibadilishi matibabu ya mgonjwa wa kawaida. Fedha hiyo inunue mafuta.

Ahadi ya nne: "Mpake mtoto mchanga losheni hii asipate ukurutu kamwe." Nchini Uingereza, watoto wachanga 1,394 waliozaliwa katika familia zenye maradhi ya mzio waligawanywa katika makundi mawili, na kundi moja likapakwa mafuta kila siku kwa mwaka mzima. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020 hayakuonyesha kwamba mafuta hayo yaliuzuia ukurutu. Mafuta humsaidia sana aliyekwisha kuugua, lakini si chanjo.

Mkorogo na steroidi iliyofichwa

Tumfikirie mama ambaye mtoto wake ameacha kuwashwa, lakini amebaki na madoa meusi mashavuni na shingoni. Anaambiwa kuna krimu inayorudisha rangi. Krimu imo katika kikopo kisicho na lebo, au ni mkorogo uliochanganywa nyuma ya kaunta. Baada ya siku tatu madoa yamefifia na ngozi imelainika. Mama anafurahi na kumweleza jirani. Baada ya miezi miwili, kila anapoacha kuipaka, ngozi inawaka kuliko mwanzo.

Krimu za namna hii mara nyingi huwa na steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki. Steroidi kali ikitumika ovyo huikonda ngozi, huchora michirizi isiyofutika, huficha maambukizi na kuyaacha yaenee, na ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu huweza kuharibu uwezo wa kuona. Kwa mtoto mdogo, ambaye ngozi yake hunyonya dawa kwa wingi, huingia katika damu na kuweza kuzuia ukuaji wake. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni.

Lebo nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Majina ya kutafuta kwenye orodha ya viambato ni haya: clobetasol, betamethasone, hydroquinone na mercury. Mawili ya kwanza ni dawa halali zinazohitaji cheti cha daktari, na hazina nafasi katika kipodozi. Mawili ya mwisho usiyapokee kabisa. Jihadhari pia na krimu zinazouzwa kama "dawa ya ngozi zote", zenye steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki kwa pamoja. Hutuliza chochote kwa muda mfupi, na kuufanya ugonjwa wa kweli uwe mgumu kutambulika.

Usinunue krimu yoyote ikiwa:

– haina jina la mtengenezaji, orodha ya viambato au tarehe ya mwisho wa matumizi;
– imepimwa kutoka katika ndoo au kopo kubwa mbele yako;
– muuzaji anakataa kutoa risiti;
– inaahidi kutibu ugonjwa na kung'arisha rangi kwa wakati mmoja.

Ikiwa umekwisha kuitumia krimu kali kwa majuma mengi, usiiache ghafla bila ushauri. Ichukue pamoja na kikopo chake, umwonyeshe daktari.

Kinachofaa kununuliwa

Habari njema ni kwamba kitu muhimu kuliko vyote katika kuutunza ukurutu ni cha bei nafuu: mafuta ya kulainisha ngozi yasiyo na manukato. Mafuta ya mgando ya kawaida yanatosha kwa wengi. Kazi yake ni kuziba nyufa za ukuta ule ambao vinasaba na kinga vimeudhoofisha. Kwa wanaopenda mafuta ya nazi, utafiti uliofanyika Ufilipino kwa watoto wenye ukurutu ulionyesha kwamba mafuta safi ya nazi yaliwasaidia kuliko mafuta ya madini. Mafuta ya zeituni hatuyapendekezi, kwani majaribio yameonyesha kwamba huweza kuudhoofisha ukuta wa ngozi.

Kosa kubwa ni kupaka kidogo. Miongozo ya Uingereza hukadiria kwamba mtoto mwenye ukurutu uliosambaa huhitaji gramu 250 au zaidi za mafuta kwa wiki. Kikopo kidogo chenye jina kubwa hakiwezi kukidhi haja hiyo. Nunua kopo kubwa la kitu rahisi, upake angalau mara mbili kwa siku, ukifuata uelekeo wa vinyweleo. Chota kwa kijiko safi badala ya vidole, ili usiingize vijidudu ndani ya kopo.

Mwogeshe mtoto kwa maji ya uvuguvugu na kwa muda mfupi. Tumia sabuni laini isiyo na manukato, na uiweke kando sabuni ya mche. Dodoki lisiguse ngozi yenye ukurutu. Dawa ya kuua vijidudu isitiwe katika maji ya kuogea ila kwa maelekezo ya daktari. Baada ya kuoga, mfute kwa kugusisha kitambaa, kisha umpake mafuta ngozi ikiwa bado ina unyevu. Nguo za pamba zinafaa kuliko za sufu au nailoni. Kata kucha zake ziwe fupi.

Ngozi inapowaka, mafuta peke yake hayatoshi, na daktari huandika krimu ya steroidi. Baada ya yote tuliyoyasema kuhusu mkorogo, baadhi ya wazazi huogopa hata dawa halali. Tunawasihi wasiogope. Steroidi hafifu kama haidrokotisoni ya asilimia 1, ikitumika kwa siku zilizoelekezwa, ni salama na hukomesha mateso. Tofauti iko katika nguvu ya dawa, mahali inapopakwa, muda, na usimamizi. Kipimo chepesi ni hiki: krimu inayokaa kwenye pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima ni takriban nusu gramu, na inatosha eneo linalolingana na viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake.

Kuhusu chakula, usimnyime mtoto mayai, maziwa, samaki au karanga kwa kudhani tu. Watoto wengi wenye ukurutu hawadhuriwi na vyakula hivyo, na kuwakatia vyakula vyenye protini huwaletea utapiamlo. Ukimwona mtoto anavimba midomo, anatapika au anapata shida ya kupumua mara baada ya kula kitu, hilo ni jambo jingine: mwahishe hospitali.

Wakati wa kwenda hospitali

Nenda kituo cha afya ikiwa mtoto halali kwa mwasho, au ikiwa wiki mbili za mafuta na utunzaji mzuri hazijaleta nafuu. Mwasho unaowapata watu wengi wa nyumba moja kwa wakati mmoja huenda ni upele wa kuambukiza, ambao una dawa yake tofauti.

Nenda siku hiyohiyo ikiwa ngozi inatoa usaha au ina gamba la rangi ya asali, na bila kuchelewa hata kidogo ikiwa malengelenge madogo yanayofanana yametokea kwa wingi pamoja na homa na maumivu. Hayo huweza kuwa maambukizi ya virusi vya malengelenge, ambayo kwa mgonjwa wa ukurutu ni ya hatari kwa sababu walinzi wa ngozi yake ni wachache.

Si lazima kuanza na hospitali kubwa. Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha matabibu wa nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992. Uliza katika hospitali ya wilaya yako au ya mkoa kama yupo mtaalamu wa ngozi.

Haki yako

Dai risiti kila unaponunua dawa au kipodozi, na uitunze pamoja na kopo lenyewe. Kwa Tanzania, dawa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na ubora wa vipodozi husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania. Bidhaa ikikudhuru, au tangazo lake likikupotosha, peleka malalamiko ukiwa na vitu vinne: bidhaa, risiti, jina la mahali uliponunua, na picha ya ngozi. Malalamiko ya mtu mmoja huweza kuwaokoa watoto wengi wa mtaa.

Maswali ya kujipima

1. Ndugu wawili wamelelewa pamoja. Mmoja ana ukurutu na mwingine hana. Eleza sababu.
2. Kwa nini bidhaa ya "kuongeza kinga" haimfai mgonjwa wa ukurutu?
3. Taja alama tatu za krimu usiyopaswa kuinunua.
4. Madoa meusi yaliyobaki baada ya ukurutu kutulia yatibiweje?

Majibu kwa ufupi

1. Ndugu hurithi mchanganyiko tofauti wa vinasaba vya ngozi na vya kinga, na kila mmoja hukutana na mazingira kwa namna yake.
2. Kwa sababu kinga yake haijapungua yote. Sehemu yake moja ni pungufu na nyingine imezidi. Tiba hutuliza iliyozidi na kuukarabati ukuta.
3. Haina lebo kamili. Imepimwa kutoka kopo kubwa. Inaahidi kutibu na kung'arisha kwa pamoja. Au muuzaji hatoi risiti.
4. Kwa subira, mafuta ya kulainisha, na kuzuia ugonjwa usirudi. Madoa yataondoka yenyewe. Michirizi ya mkorogo haitaondoka.